Picha ziliganda kwenye kioo: nifanyeje kabla ya maonyesho ya Kampala?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi hupiga picha za wavuvi na wachuuzi wa samaki pale Masese, Jinja. Mwaka jana nilitundika picha kumi kwenye ukumbi wa hoteli moja. Nilizichapisha Nasser Road kwenye karatasi ya kung'aa, fundi akazitia fremu. Baada ya miezi miwili zilikuwa zimefanya mawimbi, mbili zikaganda kwenye kioo, na nyuso za watu zilikuwa giza tangu siku ya kwanza ingawa kwenye kompyuta zinaonekana safi. Fundi anasema karatasi ilikuwa feki. Sasa nimekubaliwa kwenye maonyesho ya pamoja Kampala, Oktoba hadi katikati ya Novemba. Nimepewa ukuta wa mita 4 na nina picha nane: tano za kamera ya megapikseli 24, tatu za simu. Rafiki ananiambia niachane na vioo, nichapishe kwenye kanvasi au bango kubwa. Mwingine anasema kazi ya maana huchapishwa Nairobi. Nifuate lipi? Na bei niipangeje?"*

Hongera kwa nafasi hiyo, na pole kwa zile kumi. Naona hofu yako ni kutumia hela mara ya pili kisha picha zikuaibishe ukutani, mbele ya watu wanaojua kutazama. Tuanze na maneno ya fundi, maana ukiyaamini utanunua karatasi ghali na yatatokea yale yale.

Karatasi feki ipo, sikatai. Lakini dalili ulizotaja hazitokani nayo. Karatasi ni nyuzi zilizoshikana. Hewa ikiwa na unyevu, nyuzi hunywa maji na karatasi hutanuka. Hewa ikikauka, husinyaa. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria unyevu huwa juu usiku na alfajiri, hushuka jua la mchana, kisha hupanda tena, kwa hiyo kila picha iliyotundikwa hutanuka na kusinyaa kila siku ya Mungu. Hilo peke yake halina ubaya. Ubaya huja karatasi inapobanwa. Chukua fremu moja yenye mawimbi, ifungue nyuma utazame. Nakisia utakuta picha imegandishwa pande zote nne kwa selotepu ya pande mbili. Karatasi ilitaka kutanuka milimita moja au mbili, ikakosa pa kwenda, ikainuka katikati. Mawimbi ndiyo hayo.

Kuganda kwenye kioo ni jambo la jirani na hilo. Karatasi ya kung'aa ina tabaka la juu linalopokea wino, nalo likipata unyevu hulainika na kunata, kama gundi ya bahasha iliyolambwa. Usiku kioo hupoa, umande mwembamba hujikusanya upande wa ndani, na kama picha inagusa kioo basi vitu viwili hivyo huoana. Asubuhi kukikauka, ndoa imefungwa. Hata karatasi ghali kuliko zote ingeganda katika fremu ile. Kilichokosekana ni nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya picha na kioo.

Giza la nyuso lina kisa chake. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, na wengi wetu tunaiacha ing'ae hadi mwisho. Karatasi haitoi mwanga, hurudisha tu ule inaoupata. Kwa hiyo ulirekebisha picha ukiwa mbele ya taa, ukaichapisha kwenye kitu kisicho taa. Fanya hivi: kaa usiku katika chumba chenye mwanga wa kawaida, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, kisha punguza mwanga wa skrini mpaka weupe wa huku ukaribiane na weupe wa kule. Ukirudi sasa kwenye picha zako utaona giza lile lile uliloliona hotelini, na hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.

Usiing'arishe picha nzima, ukifanya hivyo ziwa na anga vitapauka. Picha za alfajiri pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, zina mtego wake: ngozi nyeusi, mtu amelipa jua kisogo, nyuma maji yanameta. Kamera huhesabu maji na kuutupa uso kwenye vivuli. Inua vivuli vya uso peke yake, kwa brashi ya programu unayotumia, mpaka uone mstari wa shavu na weupe wa jicho bila kuufanya uso uwe wa kijivu. Karatasi isiyong'aa ina weusi hafifu kuliko ile ya kung'aa, na mara nyingi kila kilicho chini ya thamani ya 15 hivi, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, hugeuka weusi mmoja. Kama jicho la mvuvi liko huko, litazama.

Kabla ya kuchapisha kubwa, lipia karatasi moja ya A4 ya majaribio. Kata kipande kile kile cha uso mara nne: kilivyo, kimeongezwa mwanga kidogo, zaidi, na zaidi tena. Viweke bega kwa bega kwenye karatasi hiyo. Usivitazame mlangoni pa duka jua likiwaka, kwa sababu hapo hata picha ya makaa huonekana safi. Vipeleke chini ya taa za ukumbi wenyewe, au taa inayofanana nazo. Kipande kitakachokupendeza pale ndicho cha kufuata.

Sasa, wapi pa kuchapishia. Nasser Road hakuna dhambi. Mtaa ule uliumbwa kwa kasi na wingi: kadi, vitabu vya risiti, mabango ya kampeni, stika. Mashine nyingi huko ni za leza au za wino wa kutengenezea mabango, na kwa kazi hizo ni hodari. Wewe unatafuta printa ya wino wa pigimenti, yaani wino wenye chembe ngumu za rangi zinazokaa juu ya karatasi, tofauti na ule wa bei nafuu ambao rangi yake imeyeyuka kama rangi ya kutia nguo na hupauka upesi ikipigwa na mwanga. Muulize mwenye duka maswali matatu. Wino ni wa pigimenti? Anayo profaili ya rangi, yaani faili linaloiambia printa rangi zitoke vipi, ya karatasi anayotaka kukupa? Atakubali ulete karatasi yako? Akijibu la kwanza na la pili bila kubabaika, mpe kazi. Akikuambia "usijali, itatoka safi", mshukuru, uendelee kutembea.

Nairobi basi ni suala la mashine tu. Ukipata printa ya pigimenti na mtu anayeijua hapo Kampala, kuvuka Busia hakukuongezei kitu isipokuwa nauli, na zaidi ya yote unapoteza nafasi ya kukagua jaribio na kurudi kesho kulisahihisha. Ukilazimika kwenda, picha zirudi zimeviringishwa upande wa picha ukiwa nje, ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, na zilale bapa siku mbili kabla ya kuguswa na fundi fremu.

Kwa karatasi, mimi ningekwenda kwenye pamba isiyong'aa ya gramu 300 hivi. Hairudishi mng'ao ovyo chini ya taa. Peleka faili kwenye flashi, iwe TIFF au JPEG ya ubora wa juu kabisa, rangi za sRGB, na usiigeuze kuwa CMYK wewe mwenyewe kwa sababu uliambiwa ndizo rangi za uchapaji. Na tafadhali usiitume kwa WhatsApp kama picha: kwa mpangilio wake wa kawaida huipunguza hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu, ambazo zinatosha sentimita 16 hivi tu za uchapaji mzuri.

Rafiki yako wa kanvasi hajakosea kabisa. Kanvasi haihitaji kioo, ni nyepesi, hubebeka. Lakini nayo ni kitambaa, hulegea msimu wa mvua, na ufumaji wake humeza vitu vidogo. Nyavu zako, magamba ya sangara, kamba iliyofumuka, vyote vitageuka vumbi. Kwa sura kubwa isiyo na mambo mengi, sawa. Bango la plastiki mahali pake ni nje. Mwaka 2012 tamasha la KLA ART liliweka kazi za sanaa ndani ya makontena mitaani Kampala, mbele ya wapita njia. Penye vumbi na mvua namna hiyo bango lingekuwa uamuzi wa busara, na fremu yenye kioo upumbavu. Wewe umepewa ukuta wa ndani kwa wiki sita. Chapisha kwenye karatasi.

Ukubwa tuupige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000. Ukichapisha sentimita 60 kwa 40 unapata pikseli 100 kwa kila sentimita, na mtu akisogea hadi urefu wa mkono bado nyavu zitasomeka. Simu nyingi hutoa 4032 kwa 3024, nazo zinafika 40 kwa 30 kwa ukali ule ule. Usiivute ya simu ilingane na ya kamera, maana tofauti itajionyesha pale pale.

Nane ni nyingi kwa mita 4. Najua hili litakuuma. Chagua nne: mbili za kamera kwa 60 kwa 40, mbili za simu kwa 40 kwa 30. Ukiongeza kadibodi ya dirisha, ile wanayoiita maunti, na mbao za fremu, kubwa zitakuwa na ukubwa wa nje wa kama 80 kwa 60 na ndogo 56 kwa 46. Tundika kubwa mbili, kisha zile ndogo moja juu ya nyingine kama safu moja. Jumla ya upana ni 80 na 80 na 56, yaani 216. Acha sentimita 30 kati ya kazi na 62 kila mwisho wa ukuta, na mita 4 zimetimia huku kila picha ikipumua. Ukibandika zote nane, mtazamaji atapita kama anayesoma orodha ya bei.

Kwa fundi fremu nenda na maagizo, na ukae hapo akifanya. Maunti, ambayo ndiyo itakayoitenga picha na kioo, iwe na unene wa milimita 2 au zaidi na isiyo na asidi. Ukipata nyembamba tu, weka mbili. Kadibodi ya kawaida, na hasa ubao wa MDF, hutoa asidi inayoichoma karatasi njano polepole, kwa hiyo kama fundi hana njia isipokuwa MDF kwa mgongo, kuwe na karatasi ngumu isiyo na asidi kati yake na picha. Picha ishikwe juu tu, kwa vishikizo viwili vidogo vya karatasi nyembamba imara na gundi ya wanga wa ngano, kisha iachwe ining'inie kama shati kwenye kamba, na nafasi ya milimita 3 pembeni na chini. Selotepu ya aina yoyote isiguse picha. Wino nao upewe saa 24 kukauka kabla ya kufungiwa; ukiharakisha, mvuke wake utaweka ukungu kwenye kioo na utadhani fundi hakukisafisha. Nyuma ya fremu, pembe mbili za chini, bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Oktoba na Novemba ni mvua, na ukuta wa nje wa nyumba nyingi za Kampala hutoa jasho.

Je, kioo au plastiki ngumu, ile perspeksi? Kioo cha milimita 3 kwa fremu ya 80 kwa 60 kina uzito wa kilo 3.6 hivi, perspeksi ya unene huo haifiki nusu yake. Kwa safari ya Jinja hadi Kampala ndani ya taksi ningelipia perspeksi, ukijua kwamba huchubuka haraka na haitaki spiriti wala dawa ya vioo, bali kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Siku ya kutundika, beba futikamba, pimamaji, penseli na drili. Katikati ya kila kazi iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho. Hesabu ya ndoano ni hii: 150, jumlisha nusu ya kimo cha fremu, toa umbali kati ya ukingo wa juu na mahali waya hufika ukivutwa. Fremu ya kimo cha 60 ambayo waya wake unafika sentimita 10 chini ya ukingo itatundikwa kwenye sentimita 170. Wengi husahau kuuvuta waya kabla ya kupima, ndiyo maana picha zao hukaa chini kuliko walivyopanga. Zile ndogo mbili, ukiacha 8 kati yake, zitaanzia 100 hadi 200. Tumia ndoano mbili kwa kila kazi kubwa, la sivyo itainama kila mlango unapogongwa.

Kuhusu taa, omba LED zenye uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 au zaidi, zikimulika kutoka juu kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi ili mng'ao usimpige mtazamaji machoni. Luksi (kipimo cha mwanga) 150 hadi 200 zinatosha. Programu ya bure kwenye simu itakupa makadirio. Kama ukuta wako unapigwa na jua la dirisha hata saa moja kwa siku, omba kuhamishwa. Na kama taa lazima zihamishwe au waya zivutwe, mwite fundi umeme, usipande ngazi wewe.

Maandishi ya pembeni ya kazi usiyadharau. Mwaka 2015, kwenye stoo ya shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilikutwa negativu zipatazo 70,000 nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin, na sehemu yake ikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Ziliweza kusomeka kama historia kwa sababu bahasha zake zilikuwa na tarehe na mada. Andika jina la kazi, mahali, mwaka ilipopigwa, aina ya uchapaji na karatasi, ukubwa, na namba ya nakala. Mstari mmoja au miwili ya maelezo, basi.

Bei. Kwanza amua utachapisha nakala ngapi za kila picha maishani mwako, tuseme 5, na moja ya kwako. Ukishaandika 1/5 kwa penseli pembezoni mwa karatasi, umetoa neno. Huwezi kumuuzia mtalii nakala ya sita kwa shilingi 50,000 wiki ijayo, hata kwa ukubwa mwingine, kama hukusema hivyo tangu mwanzo. Kisha uliza waandaaji wanachukua asilimia ngapi. 30 hadi 50 ni kawaida ya magalari. Tuseme uchapaji na fremu vimekugharimu 250,000, unataka jasho lako lilipwe 350,000, nao wanachukua asilimia 40. Zile 600,000 ndizo asilimia 60 ya bei, kwa hiyo bei ni 1,000,000. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua 600,000 na kuongeza asilimia 40, ikawa 840,000. Ukikatwa unabaki na 504,000 na kujiuliza hela imekwenda wapi. Nakala zikibaki mbili, unaweza kupandisha.

Pata karatasi iliyosainiwa inayosema nani analipa kazi ikivunjika, nani anazirudisha Jinja, na baada ya siku ngapi za mauzo utalipwa. Mnunuzi ananunua nakala tu. Haki ya kuichapisha picha hiyo kwenye kalenda yake inabaki kwako isipokuwa umeiuza kwa maandishi. Na wale wavuvi je? Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na uso wa mtu unamtambulisha. Rudi mwaloni, mwonyeshe kila mmoja picha yake, mweleze kwa lugha anayoielewa kwamba itatundikwa na huenda ikauzwa, upate ridhaa yake kwa maandishi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi. Yeyote akitaka kutumia sura hizo kwenye tangazo la biashara, usikubali kabla ya kuketi na wakili.

Wakati bado una wiki kadhaa, tembelea kumbi za sanaa za Kampala: 32° East pale Kabalagala, Afriart, Nommo kule Nakasero ambayo ipo tangu 1964, au galari ya Makerere. Usitazame picha tu. Sogea ubavuni mwa fremu uone unene wa maunti, umbali wa fremu na ukuta, taa imetokea wapi. Uliza nani aliichapisha. Wasanii wengi hawaoni choyo kusema.

Safarini, fremu zisimame wima, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kadibodi katikati, nailoni ya viputo nje. Ukiamua kubaki na kioo, kibandike misalaba ya selotepu ya karatasi ili kikipasuka vipande visikwangue picha. Lipia kiti cha pembeni kwenye taksi. Buti si mahali pa kuziweka.

Zile mbili zilizoganda usizibandue, wala usizipashe moto kwa pasi au mashine ya nywele. Tabaka la rangi litabaki kwenye kioo. Kwa kuwa faili unazo, zichapishe upya, hizo uziache zilivyo. Kama ingekuwa picha ya zamani ya ukoo isiyo na negativu, ningekuambia uipige picha nyingine kupitia kioo hicho hicho, chumba kikiwa giza na taa mbili zikitoka pembeni, kisha uipeleke kwa mkono Makumbusho ya Uganda, Kira Road, uulizie mtu wa uhifadhi kabla hujaigusa.